Kiungo cha gundi huvunjikia wapi? Kuunganisha chuma bila kujidanganya

Kipande kilicholetwa mezani kwangu kilikuwa na ukubwa wa sinia la pilau. Ni karatasi ya alminiamu iliyokuwa imebandikwa kwenye fremu ya chuma juu ya mlango wa duka, upande wa Kizota hapa Dodoma, na upepo wa mwezi wa nane ukaishusha usiku. Bahati nzuri barabara ilikuwa tupu. Fundi aliyeibandika, mtu mzima anayekijua chuma kuliko mimi, alikuja na hukumu yake mkononi: "Mdogo wangu, hii gundi ni feki. Wameniuzia maji."

Nikaigeuza ile karatasi. Mstari wa gundi ulikuwa mzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, mgumu, umeng'ang'ania alminiamu vilivyo. Ila mgongoni, upande uliokuwa umelalia chuma, gundi ilikuwa imevaa ngozi nyembamba ya rangi nyekundu, ile ya kuzuia kutu ambayo kila karakana huipaka kabla fremu haijatoka mlangoni. Tukaenda kuiangalia fremu yenyewe. Mahali pale pale palibaki mstari wa chuma kitupu, cha bluu ya kijivu, kinang'aa kama kimepigwa pasi.

Gundi ilikuwa imeshika rangi kwa nguvu zote. Rangi ndiyo iliyoachia chuma.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza "gundi gani kali?" huwa namjibu kwa kumuuliza kiungo chake kitavunjikia wapi. Swali la ukali wa gundi lina jibu rahisi, limeandikwa kwenye boksi. La pili ndilo linaloamua kama kitu kitakaa miaka 20 au kitashuka na upepo wa kwanza. Na siku hizi linaulizwa sana mjini hapa, maana kuanzia Mtumba hadi Ihumwa majengo yanainuka, na kila jengo lina fremu za chuma, karatasi za alminiamu, vioo na vibao, na mafundi wanatamani kubandika badala ya kutoboa.

Mahali pa kuvunjikia

Chukua vipande viwili vya chuma vilivyogundishwa, uvivute mpaka viachane. Mpasuko unaweza kupita katikati ya gundi yenyewe, ukaacha gundi pande zote mbili. Unaweza kupita pale gundi inapokutana na chuma, ukaacha upande mmoja mweupe kabisa. Au unaweza kupita ndani ya kitu kilichokuwa juu ya chuma tangu mwanzo: rangi, kutu, au lile gamba la bluu linalotoka na chuma kiwandani kinapofinyangwa kikiwa cha moto.

Mhandisi anataka ule wa kwanza, na sababu yake ni ya kihesabu. Gundi ikichanika yenyewe, nguvu uliyoipata ni ile iliyopimwa maabara, kwa hiyo unaweza kuikokotoa kesho na keshokutwa ukapata jibu lile lile. Mpasuko ukipita kwenye mpaka au kwenye rangi, nguvu uliyoipata inategemea kitambaa cha fundi kilikuwa kisafi kiasi gani asubuhi ile. Hakuna fomula ya kitambaa.

Kwa hiyo ukivunja kipande cha majaribio, usisome mzani peke yake. Soma nyuso. Kiungo kilichobeba tani mbili kikaacha upande mmoja mweupe ni cha kuogopwa kuliko kilichobeba tani moja na nusu kikaacha gundi pande zote.

Chuma kisafi kwa macho si kisafi kwa gundi

Gundi hushika kwa kukilowesha chuma. Lazima itandae, iingie kwenye kila kijishimo, isogee karibu na chuma kiasi ambacho chembe za hiki na za kile zinavutana. Ukitaka kuona maana yake, mimina tone la maji kwenye bamba lenye mafuta: linajikunja kama shanga, linateleza. Mimina kwenye bamba lililosafishwa kweli kweli: linatandaa, linakuwa utando. Hiki ndicho kipimo cha bei nafuu kuliko vyote ninavyovijua. Lowesha uso kwa maji safi, simamisha bamba, hesabu hadi 30. Utando ukibaki mzima bila kukatika, uso umekubali. Ukijikusanya matone matone, rudi mwanzo. Na ukishapima, kausha vizuri kabla ya kugusa gundi.

Kosa ninaloliona mara nyingi liko kwenye mpangilio wa kazi. Fundi anachukua grinda kwanza, kisha anafuta. Chuma kinapotoka dukani kina mafuta ya kiwandani, na kimeshaguswa na mikono kadhaa. Ukikipiga grinda kabla ya kutoa mafuta, unayapeleka mafuta ndani ya mikwaruzo, ambako kitambaa hakifiki. Mafuta yatoke kwanza, kwa asitoni au thina nzuri, kwa vitambaa viwili: kimoja kinalowesha, kingine kikavu kinafuata papo hapo kubeba kilichoyeyuka. Kitambaa kikichafuka kitupwe. Petroli na dizeli ziache kwenye matangi yake. Zinayeyusha grisi, halafu zinaacha mafuta yake zenyewe.

Baada ya hapo ndipo gamba na kutu vinaondolewa. Njia bora ni kupuliza chembe ngumu kwa kompresa mpaka chuma kifikie daraja ambalo viwango vya kimataifa vinaliita Sa 2½, yaani rangi ya kijivu iliyofifia, sawasawa kote, ikiwa na vivuli vidogo tu vya madoa. Usitumie mchanga mkavu wa mtoni. Vumbi lake linaharibu mapafu, na hayaponi. Kama huna kompresa ya kazi hiyo, diski ya msasa itasaidia, lakini brashi ya waya inadanganya: inalisugua gamba mpaka linang'aa, nawe ukidhani umefika kwenye chuma kumbe unalitazama gamba. Ule mstari wa bluu wa Kizota ulikuwa gamba, limepakwa rangi juu yake.

Kisha saa inaanza kuhesabu. Chuma kilichovuliwa nguo huanza kutu upya ndani ya saa chache. Wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, kinaweza kugeuka rangi kabla hujamaliza chakula cha mchana. Wakati wa kiangazi adui ni vumbi. Upepo wetu hauhitaji maelezo. Nimeona bamba lililosafishwa saa tatu asubuhi likiwa na unga mwekundu saa nne. Fanya kazi ndani, funga mlango wa upande wa upepo, paka gundi siku ile ile. Na kama ni alfajiri ya Juni au Julai, subiri chuma kipate joto: kiwe angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande hutunga, la sivyo utakuwa unagundisha maji usiyoyaona.

Soli ya kiatu

Mpelekee fundi viatu kiatu kilichofunguka, utaona kimefunguka mbele, kidoleni. Hata siku moja hutaona soli iliyoteleza nzima nzima kwenda pembeni. Gundi ile ile, kiatu kile kile, lakini kwa kuteleza imeshinda na kwa kubanduliwa imeshindwa. Sababu ni kwamba nguvu ya kuteleza inagawanywa kwenye eneo lote la soli, lakini nguvu ya kubandua inakaa kwenye mstari mmoja mwembamba mbele, milimita chache tu. Mstari ule ukishindwa, nguvu inahamia kwenye mstari unaofuata.

Usanifu wa viungo vya gundi, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya kuhakikisha hakuna kidole cha kiatu. Panga vipande ili mzigo uvute kwa kuteleza au ubane. Mahali ambapo kubandua hakuepukiki, kama pembe ya karatasi inayopigwa na upepo, weka bolti moja au kunja ukingo wa karatasi uingie nyuma ya fremu. Ile karatasi ya Kizota ilianzia kona ya chini kushoto. Upepo uliingia nyuma yake, ukaisukuma nje, ukaimenya kama ndizi. Riveti nne za pembeni zingeweza kuuzuia mwanzo ule, hata kwa rangi ile ile mbovu.

Sasa tuje kwenye jambo linalowashangaza hata wahandisi waliozoea bolti. Tuseme una vyuma viwili bapa vimepandana, vimegundishwa, vinavutwa kwa kuteleza. Akili ya kawaida inasema gundi yote inabeba sawa. Haibebi. Chuma chenyewe kinanyooka kidogo kinapovutwa, na kinanyooka zaidi pale kinapoingia kwenye kiungo, kwa sababu hapo bado kinabeba mzigo wote peke yake. Kwa hiyo gundi ya miisho miwili inavutwa sana na ya katikati inakaa karibu bila kazi. Mtafiti Volkersen aliliandika hili kwa hesabu mwaka 1938. Mwaka 1944 watafiti wengine, Goland na Reissner, wakaongeza kitu kingine: kwa kuwa vyuma viwili vilivyopandana haviko kwenye mstari mmoja, mvuto unavikunja, na kule kujikunja kunazaa kubandua kwenye miisho ile ile iliyokwisha kuelemewa.

Matokeo yake ni haya. Ukiongeza upana wa kiungo mara mbili, nguvu inaongezeka karibu mara mbili. Ukiongeza urefu wa mpandano mara mbili, huenda ukapata kidogo tu, na kuna urefu ambao ukiupita hupati kitu, unapoteza gundi. Umeongeza wafanyakazi katikati ya mstari, wakati kazi iko milangoni, yaani kwenye ile miisho miwili.

Miisho inaweza kuhurumiwa. Chonga ncha ya chuma iwe nyembamba kuelekea mwisho, ili nayo inyumbuke pamoja na gundi. Weka bamba pande zote mbili badala ya upande mmoja, uzani ukae katikati, kujikunja kuishe. Na ile gundi inayotoka pembeni ukibana, ambayo fundi msafi huikwangua kwa kisu ili kazi ipendeze, iache. Ilaze kwa kidole chenye glavu iwe mteremko mdogo. Mteremko ule unapunguza mkazo kwenye kona, na unazuia maji. Ni nadra uvivu kulipa, hapa unalipa.

Unene nao una kipimo chake. Watu hubana klampu mpaka gundi yote itoke wakidhani wanaimarisha. Gundi nyingi za epoksi (zile za kuchanganya sehemu mbili) za kubebea mzigo zinataka kubaki na unene wa kati ya milimita 0.1 na 0.5 hivi, kwenye kazi za ujenzi ambapo vyuma havinyooki kama vya kiwandani, hufika milimita moja au mbili kwa gundi nzito iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Njia rahisi ya kulinda unene ni kulaza vipande vya waya mwembamba wa unene unaoutaka ndani ya gundi, kisha ubane mpaka uguse waya.

Hesabu ya fleti ba moja

Tuchukue fleti ba, yaani ufito bapa wa chuma, ya milimita 50 kwa 5, chuma cha kawaida kinachoanza kunyooka bila kurudi kwenye mkazo wa nyutoni 235 kwa milimita ya mraba. Eneo lake ni milimita za mraba 250, kwa hiyo inabeba karibu kilonyutoni 59. Kwa lugha ya karakana, tani 6 hivi.

Unataka kuiunga kwa gundi ambayo boksi linasema nyutoni 20 kwa milimita ya mraba, namba ya kawaida kwa epoksi nzuri. Unapandisha milimita 40. Eneo la gundi ni 50 mara 40, milimita za mraba 2,000. Zidisha kwa 20: kilonyutoni 40. Tani 4! Ukiishia hapo unaenda kulala na furaha.

Lakini ile 20 ilipimwa kwa vipande vidogo, kwenye chumba cha nyuzi 23, kwa mvuto wa dakika moja, siku chache baada ya kukauka. Joto na unyevu wa miaka vinaweza kuila nusu. Tuseme tunabaki na kilonyutoni 20. Kisha kuna mgawanyo wa usalama. Kwa bolti za chuma, Eurocode 3, yaani kanuni za Ulaya za kusanifu majengo ya chuma, inagawa kwa 1.25. Sehemu yake ya viungo, EN 1993-1-8, inazungumzia bolti, riveti, pini na kuchomelea, gundi haimo. Ukitaka maneno juu ya gundi unakwenda kwa ndugu yake wa alminiamu, Eurocode 9, na huko unaambiwa ugawe kwa angalau 3. Kwa vioo vinavyoshikwa na silikoni kwenye sura ya jengo, mwongozo wa Ulaya ujulikanao kama ETAG 002 unagawa kwa 6, na unachukulia maisha ya miaka 25. Tofauti ya 1.25, 3 na 6 ndiyo kiwango cha mashaka ya wataalamu, kimeandikwa kwa tarakimu.

Tugawe kwa 3. Inabaki kilonyutoni 6.7, karibu kilo 680. Kutoka tani 4 za boksi. Ni sehemu moja ya tisa ya uwezo wa fleti ba, na kama ulifikiri kuuvuta mpandano hadi milimita 400 kutakuokoa, rudi kwenye habari ya milango.

Mimi kwa hesabu hii huwa nasema wazi: mahali ambapo chuma chembamba kinabeba nguvu yake yote, chomelea au piga bolti. Gundi inang'aa mahali pengine. Inang'aa kwenye bamba pana lisilobeba sana kwa kila milimita. Inang'aa kwenye mabati membamba yenye zinki, ambako moto wa kuchomelea unachoma zinki na kupinda karatasi. Inang'aa kwenye chuma kinachotikiswa kila siku, ambako tundu la bolti ni mahali ufa unapozaliwa. Na inang'aa kwenye kuongeza nguvu kitu kilichokwisha kujengwa: mwaka 1964 huko Durban, Afrika Kusini, mihimili ya zege ya jengo la makazi iliyokosa nondo za kutosha iliokolewa kwa kubandikiwa mabamba ya chuma kwa epoksi. Wajerumani nao walikuwa wameshajaribu gundi pamoja na bolti kwenye daraja dogo huko Marl miaka ya 1950. Si teknolojia ya jana.

Saa nane mchana, juu ya bati

Epoksi inayokauka bila tanuri ina joto ambalo ikilifikia inaanza kulegea, kutoka ugumu wa kioo kwenda ulaini wa mpira. Kwa nyingi zinazouzwa, joto hilo liko kati ya nyuzi 45 na 65. Dodoma, Novemba, kivulini ni nyuzi 31 hivi, hakuna shida. Ila gundi haikai kivulini. Weka kiganja juu ya chuma cheusi kinachoangalia jua saa nane mchana. Kama huwezi kukiacha hapo hata kidogo, uko kwenye nyuzi 60 au zaidi, na gundi iliyo chini yake iko hapo hapo na wewe. Kwa hiyo kwenye karatasi ya maelezo ya gundi, kabla ya kusoma nguvu, tafuta joto la kulegea, kisha upunguze hapo nyuzi 10 au 15 za akiba. Kama haliandikwi, gundi hiyo ni ya kubandikia vikombe. Rangi nyeupe juu ya fremu nayo ni dawa. Inashusha joto kwa bei ya debe la rangi.

Baridi ina hila yake pia. Kila joto likipungua nyuzi 10, kukauka kunachukua karibu muda maradufu. Usiku wa Julai tunafika nyuzi 14. Gundi iliyoandikwa "saa 24" kwa nyuzi 25 itahitaji saa 48 na zaidi, na ikikaukia baridini joto lake la kulegea nalo linakuwa chini. Hapa ndipo fundi anapoongeza hadina, ile sehemu ya pili inayoigandisha gundi, "ili iwahi". Tabia hii imetoka kwenye bodi fila ya magari, ambako hadina ni kichocheo tu, na kuongeza kidogo kweli kunaharakisha. Epoksi haiko hivyo. Kila chembe ya hadina inatafuta mwenzake upande wa pili. Ukizidisha, zinabaki zisizo na wenza, zimelala ndani ya gundi kama mafuta, na kiungo kinabaki laini milele. Pima kwa mzani wa jikoni, na uangalie kama uwiano umetolewa kwa uzito au kwa ujazo, maana si kitu kimoja. Ukitaka iwahi, ipashe moto.

Halafu kuna uzito usiotoka. Gundi ni kitu cha plastiki, na plastiki ikibebeshwa mzigo usiku na mchana hunyumbuka polepole, siku kwa siku, hata kama mzigo ni mdogo kuliko ule iliouvumilia kwenye jaribio. Tarehe 10 Julai 2006, mjini Boston, Marekani, mabamba ya zege ya dari ya handaki la barabara, kama tani 26 kwa jumla, yalianguka juu ya gari lililokuwa likipita na kumuua abiria. Yalining'inizwa kwa fito za chuma zilizopachikwa kwenye zege la juu kwa epoksi. Fito zilikuwa zimevutwa kwa majaribio zikapita, lakini majaribio ni ya dakika na dari ni ya miaka. Uchunguzi wa serikali uliotoka mwaka 2007 ulisema epoksi iliyotumika, ya aina ya kukauka haraka, haikufaa kwa mzigo wa kudumu. Baadhi ya fito zilikuwa zimeonekana kuchomoka kidogo tangu 1999. Sheria yangu binafsi baada ya kusoma habari hiyo: gundi peke yake isining'inize kitu juu ya kichwa cha mtu. Ibebe upepo, ibebe mtikisiko. Uzito wa kudumu ukae kwenye ndoano, kikunjo au bolti.

Maji, kwa hapa kwetu, nitayapita upesi. Tunapata kama milimita 570 za mvua kwa mwaka na ziko ndani ya miezi michache. Lakini maji yanakipenda chuma kuliko gundi inavyokipenda, yanaingia polepole kutoka ukingoni na kuing'oa gundi mahali pake, kisha kutu inamalizia. Kiungo kilichokaa miaka 10 Dodoma hakijathibitisha lolote kuhusu Tanga.

Kinachotusumbua zaidi ni jua na usiku. Alminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Karatasi ya mita 6 juu ya fremu ya mita 6, joto likibadilika nyuzi 40 kati ya alfajiri na mchana, chuma kinarefuka milimita 2.9 na alminiamu 5.5. Hizo milimita 2.6 lazima ziende mahali. Epoksi ngumu ya unene wa nusu milimita haina pa kuzipeleka, inapasuka miishoni. Hapa tunataka gundi dhaifu, ndiyo, dhaifu: poliurethani au silikoni ya kubebea, unene wa milimita 3 hadi 5, inayocheza kama mpira kila siku bila kuchoka. Mteja ambaye ameshaambiwa gundi kali ni nzuri huona unamwibia.

Moto, maneno mawili. Chuma hupoteza karibu nusu ya nguvu yake kwenye nyuzi 600. Gundi imeshaondoka zamani, kabla ya 200. Jengo lisanifiwe lisimame lenyewe kwa muda wa kuokoa watu, kama vile gundi haipo.

Na kuchanganya gundi na bolti? Usijumlishe. Gundi ngumu inaubeba mzigo kwanza, bolti zikiwa zimetulia matunduni, na gundi ikiachia bolti zinaupokea mzigo wote kwa mshtuko. Kila moja ipigiwe hesabu ya kubeba peke yake. Ndege moja ya abiria iliyochanika paa angani huko Hawaii, Aprili 1988, ilikuwa na maungio ya gundi na riveti. Gundi iliachia kwa unyevu, riveti zikabeba peke yake, nyufa zikaota kwenye matundu yake.

Vipande juu ya paa

Tatizo kubwa la gundi limebaki hili: ukishabana, huoni. Mshono wa kuchomelea unautazama, unaupaka rangi ya kuonyesha nyufa, unaupiga picha. Kiungo cha gundi unaweza kukigonga kwa sarafu na kusikiliza pale sauti inapobadilika kuwa ya debe tupu. Hilo linakuonyesha mahali gundi haikufika. Mahali ilipofika bila kushika, sauti ni ile ile.

Kwa hiyo tulipoirudia kazi ya Kizota, tulitengeneza na vipande vya ushahidi. Chuma kile kile, siku ile ile, gundi ya kopo lile lile, mikono ile ile. Vipande vinane vya ukubwa wa kiganja, viwili viwili. Kimoja kati ya kila jozi tulikipigia kabari nyembamba mwisho wake ili kikae kikiwa kinavutwa, tukaweka alama ya chaki mahali ufa ulipoishia. Mzee, yule fundi aliyeibandika mara ya kwanza, akaandika tarehe kwa maka, akavipandisha juu ya bati la karakana, penye jua na mvua. Akauliza ni lini tutajua. Nikamwambia Novemba.

Novemba tuliteremsha jozi ya kwanza. Ufa wa kabari ulikuwa umesogea milimita mbili kutoka kwenye chaki, kisha ukasimama. Kile kingine tulikibana kwenye vaisi, akaingiza patasi na kupiga nyundo mara tatu. Kilipofunguka akakipeleka mlangoni kwenye mwanga, akakigeuza huku na huku. Gundi ya kijivu pande zote mbili, isipokuwa doa moja la ukubwa wa ukucha pembeni, ambapo chuma kilionekana.

"Hapa nilishika na kidole," akasema.

Jozi tatu bado ziko juu ya bati.